Ufunguo wa Kuona Tu

Emmaculate Nyamhanga alifika ofisini kwetu Homa Bay mwezi wa pili, begi la mgongoni limeshonwa upande mmoja kwa uzi wa rangi nyingine, na siku hiyo hiyo akamuuliza meneja swali mbele ya watu. Sitaki kudanganya, sikumpenda. Nimekaa kwenye dawati la faili la zahanati hii miaka kumi na tisa, na wageni wa kompyuta nimewaona wakija na kwenda. Wote huanza kwa salamu na kuuliza chai iko wapi. Huyu alianza kwa kuuliza mashine ziko ngapi, na nani kati yetu ameziona kwa macho yake.

Meneja wetu, Bwana Jacktone, alicheka. Akamwambia ziko tatu: moja hapa Homa Bay, ya pili Suna kule Migori mjini, na ya tatu Kegonga, Kuria Mashariki. Emmaculate akasema yeye ni mzaliwa wa Kegonga. Jacktone akasema vizuri sana, basi utajisikia nyumbani. Msichana hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari lake akaketi. Nikajiambia moyoni kwamba huyu nyar Kegonga, binti wa Kegonga kama tunavyosema kwa Kijaluo, mvua za masika hazitamkuta hapa.

Nieleze zile mashine, kwa sababu bila hizo ugomvi wetu hauna maana. Muungano wetu una zahanati kumi na nne, nyingine kando ya ziwa, nyingine huko kwenye vilima vya Wakuria. Zamani rekodi zote za wagonjwa zilikaa kwenye kompyuta moja kuukuu chini ya meza yangu, karibu na miguu. Mwaka juzi stima ilikatika, iliporudi ikarudi na nguvu ya shetani, ikaichoma. Siku ya tatu yake mjukuu wangu Achieng alishikwa na maumivu. Ana miaka sita na ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao huku kwetu kila ukoo unaujua. Nilimbeba nikamleta kwenye zahanati hii hii ninayofanyia kazi. Muuguzi akaniuliza mtoto ameongezewa damu mara ngapi, lini, na dawa gani humdhuru. Mimi, karani wa faili, bibi yake mzazi, sikuweza kujibu. Nilizoea kuangalia kwenye skrini. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, watu wakipiga simu hospitali hii na ile. Achieng alipona. Mimi nadhani sijapona hadi leo.

Kwa hiyo mfumo mpya ulipotangazwa, mimi ndiye niliyepiga makofi ya kwanza. Kampuni moja kutoka Nairobi ilipewa kazi ya kuziunganisha mashine tatu ziwe kundi moja, klasta kwa lugha yao, zikibeba rekodi zile zile kwa pamoja. Moja ikifa, mbili zinaendelea. Stima ikikatika Homa Bay, muuguzi haoni tofauti. Jambo hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Miezi mitatu nilikaa nikiingiza mafaili ya karatasi kwenye mfumo huo, vidole vikiniuma, na faili la kwanza kuingiza lilikuwa la Achieng. Kama huo ni upendeleo, basi nifungwe.

Fundi wa kampuni aliitwa Cephas, kijana mtanashati mwenye viatu visivyojua matope. Alituahidi kwamba mfumo utazinduliwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano. Askofu alishaalikwa. Hema zilishatafutwa, na akina mama wa kanisa walishagawana vitambaa vya sare. Kilichobaki ni karatasi moja tu, cheti cha upimaji, chenye nafasi ya sahihi ya mpimaji asiyekuwa mtu wa kampuni. Wafadhili ndio waliodai hivyo, na mpimaji huyo ndiye Emmaculate. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minne, ukiisha mwezi huo huo wa uzinduzi.

Kazi yake nilimuuliza siku moja ili nipate cha kumsengenyea. Akaniambia ameandika vipimo mia mbili na kumi na viwili, akavifunga kwenye kontena. Nikamuuliza kontena gani, zile za bandarini ama zile za vinyozi. Alinijibu kwa upole ambao sikuutarajia. Akasema nimfikirie mpishi wa matanga anayekuja na sufuria zake, jiko lake, mwiko wake na chumvi yake, ambaye hamwombi mwenye boma kitu isipokuwa mahali pa kutua jiko. Vipimo vyake ni hivyo. Vinaingia kwenye klasta na kila kitu chao, vinaizungukia kila mashine na kuiuliza kama saa yake iko sawa, kama ina nafasi, kama nakala ya rekodi imeifikia. Lakini hata mpishi aliyekamilika hawezi kupika akiwa nje ya lango. Alihitaji ufunguo wa kumruhusu aingie, na mwenye ufunguo alikuwa Cephas.

Ufunguo huo si chuma. Ni faili fupi ya maandishi inayosema wewe ni nani na umeruhusiwa kufanya nini. Kuuandika ni kazi ya dakika chache, Cephas mwenyewe alikuwa akijisifu hivyo. Emmaculate aliuomba wiki ya kwanza. Aliuomba tena wiki ya tatu kwa barua, na wiki ya saba kwa barua yenye nakala kwa meneja. Kila mara Cephas alikuwa safarini, au mtandao ulikuwa mbaya, au angeutuma kesho. Nilimsikia Emmaculate akiuomba kwa sauti ile ile kila mara, bila kupanda wala kushuka, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikasirika unajua atachoka. Huyu hakuonekana kuchoka.

Siku kumi kabla ya uzinduzi ufunguo ukafika. Emmaculate aliuweka mahali pake, akaviachilia vipimo vyake, na baada ya dakika nne hivi kompyuta ikaleta ripoti ya kijani kibichi. Juu kabisa iliandikwa: Vilivyoshindwa, sifuri. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilipiga kigelegele kilichowatoa wagonjwa nje ya foleni. Jacktone akatuma soda. Cephas akasema kwa simu kwamba yeye hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na kwamba madam sasa anaweza kuweka sahihi, tupumzike.

Emmaculate alikuwa bado anasoma. Aliisoma ripoti hadi chini, mahali ambapo hakuna mtu husoma, kisha akaniita. Chini iliandikwa: Vilivyofaulu, sifuri. Vilivyorukwa, mia mbili na kumi na viwili.

Nilimuuliza maana yake ni nini. Akasema ufunguo aliopewa ulimfungulia chumba kimoja kitupu ndani ya klasta, chumba kilichotengenezwa kwa ajili yake, kisicho na kitu. Vipimo vilibisha hodi kwenye kila mlango mwingine vikakataliwa. Kwa kuwa havikuingia popote, havikuona kosa popote. Ilikuwa sawa na kumtuma mtu akague boma la watu, akaishia kwenye kibanda cha mbwa, akarudi kusema hakuona mgonjwa. Soda yake hakuifungua. Niliinywa mimi, kwa hasira, kwa sababu nilishajiona nimeketi chini ya hema kwa sare mpya.

Alimpigia Cephas. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo sisengenyi, nilisikia kwa masikio yangu. Cephas hakubisha. Alicheka akasema hiyo ni kitu ndogo, akampa paswadi yake mwenyewe, ile kubwa inayofungua kila kitu. Hapa kwetu hiyo ni desturi. Ofisi nzima hutumia neno moja la siri, limebandikwa ukutani karibu na kalenda ya parokia, na mtu anayeficha lake huonekana mchoyo.

"Tumia tu hiyo yangu, madam," Cephas alisema. "Hata mlinzi anaijua."

"Ndiyo maana siitaki," Emmaculate akasema.

Akamweleza, pole pole, kama anayesoma barua. Akiingia na jina la Cephas, kila atakachofanya kitaandikwa kuwa Cephas amefanya. Kikivunjika kitu, haitajulikana nani amevunja. Na ripoti itakayotoka itakuwa ni Cephas amempima Cephas. Yeye hakuhitaji nguvu ya kubadilisha hata herufi moja. Alitaka ufunguo wa kuendesha kontena lake katika chumba chake, na kuviona vyumba vingine vyote bila kugusa kitu.

"Ile ndogo siwezi kupima nayo. Hii kubwa siwezi kujitetea nayo," alisema. "Nipe ya kuona tu. Kwa jina langu."

Cephas akakata simu. Nami nikamaliza uvumilivu wangu. Nilimchukua yule msichana hadi kibanda cha chakula kilicho ng'ambo ya barabara, nikamwagizia ugali na samaki wa mchuzi, na kabla hajanawa mikono nikamwambia yote. Nilimwambia nimengoja mfumo huu tangu siku ile ya benchi. Amenyimwa ufunguo, sawa. Amepewa mkubwa zaidi ya alioomba, bado anakataa. Anataka nini, apigiwe magoti? Nilimwambia stima haisubiri kiburi cha mtu, na ikikatika kesho mjukuu wangu hatapona kwa sababu yeye ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia habari za tumbaku. Baba yake, mzee Nyamhanga, alikuwa mkulima wa tumbaku kule Kegonga, na siku ya mauzo familia nzima ilifuatana na marobota hadi kituoni. Kila mkulima alipanga majani mazuri juu, ya dhahabu, yamenyooshwa kwa mkono. Katikati ya robota ndiko walikoweka yale yenye madoa na yale ya unyevu yanayoongeza uzito. Walijua, wote, na hawakuona aibu. Mpimaji wa kituo alikuwa mtu mkimya. Hakuangalia juu hata siku moja. Aliingiza mkono hadi kiwiko, akachomoa konzi ya majani kutoka tumboni mwa robota, na bei ikatangazwa kwa hayo. Mwaka mmoja baba yake alilaani njia nzima ya kurudi nyumbani, na Emmaculate, mwenye miaka tisa, akasema mbele ya kaka zake kwamba mpimaji alikuwa sawa. Alizabwa kofi akaanguka kando ya barabara.

"Nililia," aliniambia, "lakini sikubadilisha neno. Mama, hawa wamenionyesha juu tu. Wewe unataka nimwekee Achieng sahihi kwa majani ya juu?"

Nilimwambia ale samaki wake asije akapoa.

Jumatatu ya wiki ya uzinduzi Jacktone alimwita ofisini, akaniita na mimi niwe shahidi, kwa kuwa mimi ni wa siku nyingi. Cheti kilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Jacktone si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa hema tupu. Alizungumza juu ya askofu, juu ya wafadhili, juu ya wagonjwa wanaosubiri, akanitaja mimi na mjukuu wangu kana kwamba nimemtuma. Hilo lilinichoma. Maneno niliyoyatoa mimi mwenyewe kwenye kibanda cha chakula, nilipoyasikia kinywani mwake yalinuka.

Emmaculate akachukua kalamu. Jacktone akashusha pumzi. Msichana akaandika kwenye nafasi ya matokeo, kwa mwandiko wa shule: Vipimo 212. Vilivyofanyika 0. Mpimaji hakuruhusiwa kuingia. Kisha akaweka sahihi, tarehe, na nambari yake ya kitambulisho, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Nilidhani meneja atapasuka. Lakini hakukuwa na la kumfanya. Alitaka sahihi, amepata sahihi. Karatasi hiyo hakuna mtu angeweza kumsomea askofu. Akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, tukamsikia akizungumza na Cephas kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu wa Nairobi. Kabla ya saa sita ufunguo mpya ulikuja: jina, Emmaculate Nyamhanga, ruhusa, kuona tu kote, kuendesha chumbani kwake. Miezi mitatu ya kesho, halafu dakika chache.

Kesho yake asubuhi vipimo viliingia kweli. Safari hii havikuchukua dakika nne, vilichukua saa nzima na robo. Niliacha dawati langu mara sita kwenda kuchungulia, na mara ya saba nikavuta kiti nikakaa. Mistari ilikuwa inapita, faulu, faulu, faulu, nami nikaanza kujiandaa kumcheka. Mwishoni mia mbili na tisa vilifaulu. Vitatu vilishindwa, na vyote vitatu vilihusu mashine ya Kegonga.

Kimoja nilikielewa hata mimi. Kipimo hicho hutuma salamu kutoka mashine ya Homa Bay kwenda nyingine na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Kutoka hapa hadi Suna jibu lilichukua milisekunde kumi na tisa, ambayo ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini kompyuta inauona. Kegonga iko mbali kupita Suna. Jibu la Kegonga lilirudi kabla hata milisekunde moja haijaisha. Emmaculate alikirudia kipimo mara tano, na mara tano Kegonga ikajibu kama mtu aliyeketi nawe kitanda kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na mimi siku hiyo niliiona ikiwa imepimwa.

Hakupayuka. Alimpigia muuguzi wa zahanati ya Kegonga, Osoro, mtu wanayefahamiana tangu utotoni, akamwomba aende kwenye chumba cha mashine amwambie anaona nini. Tulisikia ufunguo wa kufuli, halafu mlango. Osoro akasema chumba kimepakwa rangi vizuri, kuna meza moja, na juu ya meza kuna vumbi. Emmaculate akamuuliza kama kuna mashine yoyote. Osoro akasema hata waya hakuna.

Hapo nikaelewa, na damu ikanipanda hadi masikioni. Mashine ya Kegonga haikuwahi kufika Kegonga. Walichukua ile ya Homa Bay wakaigawanya ndani kwa maandishi, sehemu moja wakaipa jina la Kegonga. Kwenye skrini zilionekana tatu. Kwenye dunia ya Mungu zilikuwa mbili. Nilimuuliza Emmaculate, basi mbili si afadhali kuliko moja? Akasema hapana, na akanieleza hadi nikaelewa. Katika klasta ya tatu, mbili zikiwa hai zinaaminiana na kuendelea. Ikibaki moja peke yake, haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au ni njia tu imekatika, kwa hiyo inajifunga isije ikaandika uongo. Stima ikikatika Homa Bay, Homa Bay inakufa na hiyo Kegonga ya kubuni inakufa nayo, Suna inabaki mjane, inajifunga. Tungerudi kwenye benchi, mimi na Achieng, tena safari hii baada ya kuombewa na askofu.

Nasema mapema ili mtu asikae akingoja: mkataba wa Emmaculate haukuongezwa. Siku hizi yuko Suna, ana chumba cha kazi juu ya duka la vifaa la Yakub, mfanyabiashara aliyetoka Garissa na ambaye humsifu kwa kila mteja kana kwamba amemzaa. Anaunganisha mitandao ya maduka, na kabla hajalipwa humwambia mwenye duka azime kitu chochote anachotaka aone. Mashine ya Kegonga ilifika mwezi wa saba, kwenye gari la mizigo, na Osoro alitupigia simu akiwa amesimama mbele yake. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Jumatano, siku mbili kabla ya uzinduzi, Cephas alikuja mwenyewe kutoka Nairobi. Tulikutana kwenye chumba cha dawati langu, kwa sababu ndipo ilipo skrini ya mapokezi, na kabati la mashine liko kwenye kona ya chumba hicho hicho. Cephas hakukana. Alisema hiyo ni mpango ya muda tu, mashine ya Kegonga itaenda baada ya sherehe, na kwamba kampuni nyingi hufanya hivyo. Alisema mfumo uko sawa, unafanya kazi, mwenye macho haambiwi tazama. Emmaculate akasema ataandika anachokijua: mia mbili na tisa vimefaulu, vitatu vimeshindwa, Kegonga hakuna mashine.

Jacktone akatoa bahasha akamkabidhi. Ilikuwa barua ya kumaliza mkataba, imeandikwa tarehe ya siku hiyo. Emmaculate aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye begi lake. Nilitaka kumshika mkono. Akasema asante. Akasema ufunguo wake ufutwe leo, kwa kuwa una jina lake na yeye si mpimaji tena.

Jacktone akachukua cheti kipya, cheupe, akanigeukia mimi.

"Mama Leonida," akasema, "wewe ni mfanyakazi wetu, wewe si mtu wa kampuni. Masharti yanasema hivyo tu. Umeona hii mfumo ikifanya kazi. Weka sahihi hapa."

Miaka kumi na tisa nimeweka sahihi nilipoonyeshwa. Sahihi ya likizo niliyonyimwa, sahihi ya mafunzo nisiyoyapata, sahihi ya kupokea viti ambavyo sikuvikalia. Sijui kukataa watu wakubwa, sikufundishwa. Nilimwangalia Emmaculate nikitarajia anikonyeze, anitikisie kichwa, lolote. Alikuwa anafunga zipu ya begi lake. Hakunitazama kabisa, na hapo ndipo niliposhikwa na uchungu, kwa sababu nilifahamu kwamba hakutaka kunibebesha.

"Sawa," nikasema. "Lakini mpimaji hupima kwanza."

Cephas akatabasamu kama mtu anayemruhusu bibi aguse simu. Niliketi kwenye skrini yangu nikaandika jina la mjukuu wangu. Achieng akatokea mara moja: umri, ugonjwa, damu ameongezewa mara tatu, tarehe zote tatu, na kwa wino mwekundu dawa asiyopaswa kupewa. Mambo yote niliyokosa siku ile. Nilimwonyesha Jacktone. Akasema unaona sasa. Nikasema naona.

Nikainuka nikaenda kwenye kabati la mashine. Nyuma yake kuna swichi nyekundu inayokata stima na betri ya akiba kwa pamoja. Emmaculate alishanieleza kwamba kipimo cha kuzima hakihitaji ufunguo wowote, kinahitaji mkono tu. Jacktone akaanza kusema neno, sijui neno gani. Nilizima.

Feni za mashine zililia zikishuka, kisha kimya kama maji ya mtungini. Nilirudi kwenye kiti changu. Skrini ya mapokezi ilikuwa bado inawaka, hiyo ina waya wake. Nikaandika tena: Achieng. Kigurudumu kikazunguka. Nilikunja mikono nikakitazama kikizunguka, na wote wakakitazama, hata Cephas ambaye alijua tangu zamani kitakachotokea. Nje mama mmoja alikuwa anabembeleza mtoto kwenye benchi. Baadaye maandishi yakaja kwamba mfumo haupatikani.

Nilimgeukia Cephas nikamuuliza mjukuu wangu yuko wapi. Aliangalia viatu vyake. Nikamuuliza tena, kwa Kijaluo, kwa sababu yeye ni mtoto wa huku hata akivaa vipi.

"Mama Leonida, washa hiyo kitu," Jacktone akasema. Sauti yake ilikuwa chini.

Nikamwambia nitawasha nikimaliza kuandika. Nilikivuta cheti, nikavaa miwani, na kwenye nafasi ya matokeo nikaandika kwa herufi kubwa, maana askofu wetu haoni vizuri: NIMEZIMA HOMA BAY. MJUKUU WANGU HAKUONEKANA. Nikaweka sahihi, Leonida Omondi, karani. Emmaculate alitua begi lake chini, akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akatia sahihi yake upande wa shahidi. Tuliiacha karatasi mezani mbele ya wanaume wawili, na ndipo nikaenda nikawasha.